Akiba ya Kivinjari: Namna ya Kuitunza, na Namna ya Kuifuta Bila Kujiumiza

Tovuti inapogoma kufunguka, au inapoonyesha maandishi ya wiki iliyopita ilhali jirani yako anaona mapya, ushauri unaokuja kwanza ni mmoja: futa kache, yaani akiba ya kivinjari. Ushauri huo mara nyingi una ukweli ndani yake, lakini hutolewa nusu. Anayeupokea haelezwi ni kitu gani hasa kinachofutwa, ni vitu gani vilivyo kando yake ambavyo havipaswi kuguswa, wala ni gharama gani atakayoilipa baadaye kwa bando lake la intaneti. Ndiyo maana watu hukosea kwa namna mbili zinazopingana. Mmoja hafuti kamwe, akaendelea kuhangaika na ukurasa uliokwisha kubadilishwa. Mwingine hufuta kila kitu kila mwisho wa wiki akidhani anaisafisha simu, kumbe anaitupa akiba yake mwenyewe na kuinunua upya. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wote wawili, na msimamo wake ni kwamba mtu aanze na hatua ndogo kabisa inayoweza kutibu tatizo, asipande ngazi ya juu kabla ile ya chini haijashindwa.

Kinachohifadhiwa, na sababu ya kuhifadhiwa

Ukurasa wa tovuti unaouona kama kitu kimoja ni mkusanyiko wa faili nyingi: maandishi yenyewe, faili za mtindo zinazopanga rangi na nafasi, programu ndogo za JavaScript, nembo, picha, na mara nyingi fonti. Unapoufungua kwa mara ya kwanza, kivinjari huziomba faili hizo zote kwenye seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti, huzipokea moja baada ya nyingine, kisha huweka nakala zake ndani ya simu au kompyuta yako. Nakala hizo ndizo akiba ya kivinjari, ambayo wengi huiita kache. Ukirudi kwenye ukurasa huo kesho, kivinjari hakina haja ya kuisafirisha tena nembo ile ile kutoka upande wa pili wa dunia, kwa kuwa tayari kiko nayo nyumbani.

Faida yake huonekana vizuri tukipiga hesabu. Tuchukulie ukurasa wenye uzito wa MB 3, ambao MB 2.5 kati yake ni nembo, fonti na programu zisizobadilika, na nusu MB iliyobaki ni habari za siku. Mtu anayeufungua mara 20 kwa mwezi bila akiba yoyote atatumia MB 60. Mwenye akiba atatumia MB 3 siku ya kwanza, kisha nusu MB kwa kila mojawapo ya mara 19 zinazofuata, yaani MB 12.5 kwa jumla. Hesabu hiyo ni ya tovuti moja tu. Kwa anayetumia intaneti isiyo na kikomo ofisini, tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba akiba haipaswi kuhesabiwa kuwa takataka.

Hata hivyo, methali ya akiba haiozi haitimii hapa. Nakala iliyohifadhiwa inaweza kuchacha, na wanaoamua itachacha lini ni wenye tovuti. Kanuni zake zimo katika itifaki ya HTTP, yaani utaratibu ambao vivinjari na seva huwasiliana kwao, na waraka unaozieleza kwa sasa ni RFC 9111, uliotolewa mwaka 2022. Seva hutuma kila faili pamoja na maelekezo yanayosema nakala yake ihesabiwe kuwa mbichi kwa muda gani, na muda huo huandikwa kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku moja, na 31536000 ni mwaka mzima. Muda ukiwa haujaisha, kivinjari hutumia nakala yake bila kuuliza mtu. Muda ukiisha, hakiitupi nakala mara moja, bali huituma seva swali fupi: je, faili hii imebadilika tangu nilipoichukua? Kama haijabadilika, seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma faili yenyewe, na nakala ya zamani huendelea kutumika kihalali. Huo ni utaratibu mzuri, na kwa sehemu kubwa hufanya kazi kimyakimya bila mtumiaji kujua kwamba upo.

Tatizo huzuka pale mwenye tovuti anapovunja ahadi yake mwenyewe. Ameiambia dunia kwamba faili ya mtindo ni mbichi kwa mwaka mzima, halafu baada ya miezi miwili akaibadilisha na kuiacha na jina lile lile. Kivinjari chako hakina kosa lolote kikiendelea kutumia nakala ya zamani, kwa kuwa kiliambiwa kisiulize. Hapo ndipo unapoona vitufe vimepandana, maandishi yametoka nje ya mstari, au fomu haikubali kutumwa kwa sababu sehemu moja ya ukurasa ni mpya na nyingine ni ya zamani. Dalili ya namna hiyo, yaani ukurasa uliovurugika mara tu baada ya tovuti kufanyiwa mabadiliko, ndiyo dalili halisi ya akiba iliyochacha. Intaneti kuwa na kasi ndogo kwa jumla, simu kupata moto, au betri kuisha haraka si dalili zake, na kufuta akiba hakutazitibu.

Usichanganye akiba na vilivyo jirani yake

Ukifungua sehemu ya kufuta data katika kivinjari chochote, utakuta vitu kadhaa vimepangwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Historia ya kuvinjari ni orodha ya anwani ulizotembelea. Vidakuzi ni vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huviweka kwako ili ikutambue ukirudi, na hivyo ndivyo vinavyokuwezesha kubaki umeingia kwenye barua pepe bila kuandika nenosiri kila saa. Manenosiri yaliyohifadhiwa na taarifa za kujaza fomu ni vitu vingine kabisa. Akiba, ambayo kwenye Chrome hutajwa kama picha na faili zilizohifadhiwa, ni moja tu kati ya hivyo. Ukifuta akiba peke yake, hutatolewa kwenye akaunti yoyote, hutapoteza nenosiri lolote, na orodha ya kurasa ulizotembelea itabaki kama ilivyo. Kitakachotokea ni kwamba ukurasa wa kwanza utakaoufungua utachelewa kidogo na kula data zaidi, kwa sababu kila kitu kitaletwa upya.

Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu nimeona madhara yake. Dada mmoja alinijia steshenari akiwa na simu mkononi na muda wa mwisho wa kutuma maombi ya chuo ukiwa kesho yake. “Kaka, niliambiwa nifute kila kitu ndiyo fomu itafunguka,” alisema, na kweli alikuwa amefuta kila kitu: alitia tiki kwenye visanduku vyote, akachagua muda wote tangu mwanzo. Fomu ilifunguka. Lakini nenosiri la barua pepe yake lilikuwa limehifadhiwa ndani ya kivinjari hicho tu, hakuwa analikumbuka, na namba ya simu ya kulirejesha ilikuwa ya laini aliyokwisha kuipoteza. Tulifanikiwa usiku, baada ya saa nyingi za kujibu maswali ya uthibitisho. Tiki moja badala ya nne ingemwepusha na hayo yote. Tangu siku hiyo, kabla sijamwelekeza mtu kufuta chochote, humuuliza kwanza kama anayajua manenosiri yake kwa kichwa au ameyaandika mahali.

Ngazi ya kwanza: kupakia upya kwa nguvu

Kupakia ukurasa upya kwa njia ya kawaida, yaani kwa kitufe cha F5 au kwa kuuvuta ukurasa chini kwenye simu, huacha nafasi kwa kivinjari kutumia baadhi ya nakala zake. Kompyuta ina njia kali zaidi. Ukiwa na Windows au Linux, bonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja katika Chrome, Edge au Firefox, au Ctrl pamoja na F5, na kivinjari kitaziomba upya faili za ukurasa huo bila kujali nakala zilizopo. Kwenye kompyuta za Mac, tumia Command, Shift na R katika Chrome na Firefox, na Option, Command na R katika Safari. Njia hii hugusa ukurasa ulio mbele yako tu, kwa hiyo haikugharimu akiba ya tovuti nyingine. Nimeshuhudia matatizo mengi yakiishia hapa, na inasikitisha kwamba watu wengi hawajawahi kuelezwa kwamba vitufe hivyo vipo.

Simu hazina vitufe hivyo. Kwa mwenye simu, hatua inayofuata ndiyo ya kuanzia.

Ngazi ya pili: kupima kwa dirisha fiche

Fungua dirisha fiche, kisha nenda kwenye anwani ile ile inayokusumbua. Katika Chrome dirisha hilo hufunguliwa kwa Ctrl, Shift na N, katika Firefox kwa Ctrl, Shift na P, na kwenye simu hupatikana ndani ya menyu ya nukta tatu. Dirisha fiche huanza likiwa na akiba tupu na bila vidakuzi vyako vya kawaida, na chochote kinachokusanywa humo hutupwa ukilifunga. Kwa sababu hiyo linafaa sana kama kipimo. Ukurasa ukifunguka vizuri humo, basi tatizo limo katika vitu vilivyohifadhiwa kwenye dirisha lako la kawaida: inaweza kuwa akiba, inaweza kuwa vidakuzi, na inaweza pia kuwa moja ya programu za nyongeza ulizoweka kwenye kivinjari, kwa kuwa nyingi huwa zimezimwa katika hali fiche mpaka uziruhusu mwenyewe. Ukurasa ukikataa hata humo, tatizo liko kwenye seva au kwenye mtandao, na kufuta akiba au vidakuzi hakutalisaidia.

Mara nyingi mtu mwenye haraka anaweza kuikamilisha kazi yake humo humo ndani ya dirisha fiche, akatuma fomu au akasoma matokeo yake, na suala la kufuta akiba likasubiri siku yenye mtandao wa Wi-Fi.

Ngazi ya tatu: kufuta vya tovuti moja

Baadhi ya tovuti za kisasa hujiwekea hifadhi yake ndani ya kivinjari, ili ziweze kufunguka hata pasipo mtandao. Hifadhi hiyo haimo katika akiba ya kawaida. Vivinjari huihesabu pamoja na vidakuzi, chini ya jina la data ya tovuti, na ndiyo sababu mtu anaweza kufuta picha na faili zote zilizohifadhiwa na bado akaona ukurasa wa zamani. Dawa yake ni kufuta data ya tovuti hiyo moja. Kwenye Chrome ya kompyuta, bofya alama iliyo kushoto kwa anwani, chagua sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, kisha uifute data hiyo kutoka kwenye orodha itakayotokea. Kwenye Firefox, bofya alama ya kufuli iliyo kando ya anwani na uchague kufuta vidakuzi na data ya tovuti. Kwenye Chrome ya Android, ingia Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha tovuti zote, uitafute ile inayokusumbua na kuifuta.

Hatua hii itakutoa kwenye akaunti ya tovuti hiyo, lakini hiyo peke yake. Hakikisha basi kwamba unalijua nenosiri lake, na kama ulikuwa umejaza fomu nusu, nakili maandishi yako pembeni kwanza, kwa kuwa baadhi ya tovuti huhifadhi rasimu zake humo humo unamotaka kufuta.

Ngazi ya nne: kufuta akiba yote ya kivinjari

Hapa ndipo wengi huanzia, ingawa ilistahili kuwa karibu na mwisho. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Delete katika Chrome, Edge au Firefox, na dirisha la kufuta data litafunguka. Fanya mambo mawili kwa utaratibu. Kwanza, chagua muda. Kwa akiba peke yake hakuna hasara ya kuchagua muda wote, na utakuwa na hakika kwamba hakuna nakala iliyobaki. Pili, ondoa tiki kwenye kila kisanduku isipokuwa kile cha picha na faili zilizohifadhiwa. Visome visanduku kimoja kimoja kabla ya kuthibitisha, kwa sababu historia na vidakuzi mara nyingi huwa tayari vimetiwa tiki bila wewe kuomba. Mtumiaji wa Chrome aliyeunganisha simu na kompyuta yake kwa akaunti moja akumbuke pia kwamba historia anayoifuta kwenye kifaa kimoja hufutika na kwenye vingine, jambo ambalo halitokei kwa akiba, kwa kuwa kila kifaa kina ya kwake.

Kwenye Chrome ya Android, gusa nukta tatu, chagua kufuta data ya kuvinjari, kisha fungua chaguo za ziada ili uvione visanduku vyenyewe. Kando ya kile cha akiba utaona ukubwa wake na onyo kwamba baadhi ya tovuti zinaweza kufunguka polepole utakapozitembelea tena. Onyo hilo ni la kweli.

Watumiaji wa iPhone wana mazingira tofauti. Safari haina kitufe cha kufuta akiba peke yake kwenye simu. Kufuta historia na data ya tovuti, kunakopatikana katika mipangilio ya Safari ndani ya Mipangilio ya simu, huondoa historia, vidakuzi na akiba kwa mkupuo mmoja. Tangu iOS 18, Safari imehamishiwa ndani ya sehemu ya programu, kwa hiyo asiyeiona kwenye orodha ya mwanzo aitafute huko. Anayetaka kuilinda historia yake ashuke chini kwenye mipangilio hiyo ya Safari, aingie sehemu ya mambo ya kina, na humo afute data ya tovuti tu. Hata hivyo vidakuzi vitaondoka nayo, na itambidi aingie upya kwenye akaunti zake. Kwenye Mac kuna unafuu: ukiwezesha menyu ya watengenezaji tovuti katika mipangilio ya kina ya Safari, utaweza kumwaga akiba peke yake kwa kubonyeza Option, Command na E.

Vitufe viwili vya Android vinavyofanana

Android ina njia nyingine ya kuifikia akiba, nje ya kivinjari chenyewe. Ingia Mipangilio ya simu, kisha programu, uchague kivinjari chako, kisha uingie sehemu ya hifadhi. Humo utakuta vitufe viwili vilivyokaribiana. Cha kufuta akiba, ambacho kwenye simu iliyowekwa Kiingereza kimeandikwa “Clear cache”, hakina madhara. Cha pili, kilichoandikwa “Clear storage” au “Clear data” kutegemea simu, hukirudisha kivinjari katika hali ya siku kilipowekwa: kurasa ulizoziacha wazi, mipangilio yako, akaunti ulizoingia, na manenosiri ambayo hayakuhifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni vyote hupotea. Vitufe hivyo kuwekwa bega kwa bega ni jambo ninaloliona kuwa la hatari, hasa kwa mzee au mtu anayesoma kwa shida maandishi madogo. Ukimwelekeza mama au baba kwa njia ya simu, mwombe akusomee herufi zilizoandikwa kwenye kitufe kabla hajakigusa.

Jambo jingine la kuangaliwa kwenye simu ni kivinjari gani kilichoufungua ukurasa. Kiungo unachokigusa ndani ya programu ya Facebook kwa kawaida hufunguliwa na kivinjari kilichomo ndani ya programu hiyo hiyo, chenye akiba yake na vidakuzi vyake. Unaweza kuifuta akiba ya Chrome mara kumi na ukurasa ule usibadilike hata kidogo. Katika hali hiyo, gusa menyu ya ukurasa na uchague kuufungua katika kivinjari cha nje. Opera Mini nayo ina upekee wake: katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, zikabanwa huko kabla ya kukufikia. Ukitilia shaka kile inachokuonyesha, fungua anwani hiyo hiyo kwa kivinjari kingine na ulinganishe.

Kama bado ukurasa ni wa zamani

Tovuti inapohamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, jina lake hubaki lile lile lakini namba ya anwani nyuma ya jina hubadilika. Kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya namba hizo kwa muda, na kumbukumbu hiyo ya DNS, yaani mfumo unaounganisha majina ya tovuti na namba zake, haihusiani na akiba ya picha na faili. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /flushdns na ubonyeze Enter. Chrome ina kumbukumbu yake pia, na hufutwa kwa kuandika chrome://net-internals/#dns mahali pa anwani na kubofya kitufe kilichopo humo. Kwenye simu, kuizima na kuiwasha tena kunatosha.

Nafasi ya simu, na swali la kufuta kila mara

Wengi hufuta akiba kwa sababu simu imejaa. Ni kweli kwamba akiba huchukua nafasi, lakini kivinjari hujiwekea kikomo, na kikifikia kikomo hicho hutupa chenyewe nakala ambazo hazijatumika kwa muda mrefu ili kupata nafasi ya mpya. Ukiifuta leo, itajaa tena kadiri unavyoendelea kutembelea tovuti. Mwenye simu ya GB 16 au 32 iliyojaa ataokoa nafasi kubwa zaidi akipitia video na picha zilizokuja kwa WhatsApp, hasa za makundi, kuliko akipambana na kivinjari. Sioni sababu ya kuweka ratiba ya kufuta akiba kila wiki au kila mwezi kwenye kifaa unachokitumia peke yako. Inapobidi kufuta, fanya hivyo ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha uzifungue papo hapo tovuti unazozitumia kila siku, ili akiba mpya ijengwe kabla hujarudi kwenye bando.

Kuna wanaofuta kwa ajili ya faragha, na hoja yao ilikuwa na nguvu zaidi zamani. Akiba ilipokuwa ya pamoja kwa tovuti zote, tovuti moja iliweza kupima kasi ambayo faili fulani ilifunguka nayo, na kwa kasi hiyo kukisia kama umewahi kutembelea tovuti nyingine. Safari ilianza kuitenga akiba kwa kila tovuti mwaka 2013, Chrome ikafuata katika toleo la 86 mwaka 2020, na Firefox katika toleo la 85 mwaka 2021. Gharama ya ulinzi huo ni kwamba fonti moja inayotumiwa na tovuti kumi husafirishwa mara kumi. Kwa maoni yangu ni gharama inayostahili.

Kwa anayeendesha tovuti

Walimu, waumini na wafanyabiashara wengi siku hizi hujitengenezea tovuti ndogo, na kwao lawama ya nakala iliyochacha huwarudia wenyewe. Usimwombe kila mgeni afute akiba yake. Kila unapobadilisha faili ya mtindo au ya JavaScript, libadilishe na jina lake, au liongezee namba ya toleo mwishoni, kwa mfano mtindo.css?v=2 badala ya mtindo.css?v=1; kivinjari kitaiona kuwa faili mpya na kitaiomba chenyewe. Faili zenye majina yanayobadilika kwa namna hiyo unaweza kuzipa muda wa mwaka mzima bila hofu, wakati ukurasa wenyewe wenye maandishi ukipewa maelekezo ya no-cache. Neno hilo huwapotosha wengi, kwa kuwa halikatazi kuhifadhi. Hukiamuru kivinjari kiulize kwanza kabla ya kutumia nakala yake. Linalokataza kabisa kuhifadhi ni no-store, nalo linafaa kurasa zenye taarifa za siri kama salio la akaunti au majibu ya vipimo vya hospitali. Kama tovuti yako inatumia WordPress yenye programu ya akiba, au imewekwa nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa kati ya seva yako na wageni, kumbuka kwamba huko nako kuna nakala, na hizo ni wewe tu unayeweza kuzifuta. Wakati wa kujaribu mabadiliko yako, bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao na utie tiki ya kuzima akiba. Itaendelea kuzimwa kwa muda wote ambao dirisha hilo la zana litabaki wazi.

Kompyuta za watu wote

Yote niliyoyasema juu ya kutofuta ovyo hugeuka pale unapotumia kompyuta ya steshenari, ya maktaba au ya sayba. Humo futa kila kitu, tena bila huruma. Njia bora ni kuanza na dirisha fiche tangu mwanzo, kutoka kwenye akaunti zako kwa kubofya kitufe cha kutoka, kisha kufunga madirisha fiche yote, maana likibaki hata moja wazi vilivyohifadhiwa havijatupwa bado. Kama ulisahau na kutumia dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, na safari hii tia tiki kwenye historia, vidakuzi, akiba, taarifa za kujaza fomu, na manenosiri kama yamo kwenye orodha. Usichague muda wote kama hujaelewana na mwenye kompyuta, kwa kuwa utafuta na vya kwake. Chagua saa moja au siku moja iliyopita, ilimradi muda huo unatosha kukifunika kipindi chako.

Baada ya hapo fungua folda ya vipakuliwa. Hati ya malipo, cheti cha kuzaliwa au nakala ya kitambulisho uliyoipakua ili uichapishe haimo katika akiba wala katika historia, na hata dirisha fiche haliiondoi. Ifute kwa mkono wako, kisha umwage pipa la taka la kompyuta, kwa sababu faili huendelea kukaa humo hadi pipa limwagwe.